Kuku Huyu Usimchinje

Kambarage,
Shinyanga.
Juni, 2020

Mdogo wangu mpendwa Mayala,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nimeona nikuitikie kabisa, maana wewe shikamoo zako huwa zinakuja mwisho wa mazungumzo, tena baada ya kukumbushwa. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, duara lako, hilo shimo la dhahabu, halijajaa maji, na kifua chako hakina neno na lile vumbi la kwenye makarasha ya kusagia mawe. Sisi huku tu wazima kabisa. Nikisema sisi, namaanisha na Baba. Kama hukuelewa, rudia kusoma hapo: Baba ni mzima. Ninavyoandika hivi amekaa barazani anatafuna muhindi wa kuchoma kwa ule upande wenye meno, na ameniagiza nikuandikie kwamba marehemu anakusalimu.

Kwa hiyo kabla ya mengine nakupa pole ya kichwa chako. Athanas, yule dereva wa Fuso, ameniambia ulivyokinyoa siku ileile uliposikia habari, tena kwa wembe mkavu, nusura unyoe na nyusi. Alivyokuwa anasimulia Baba alicheka mpaka akapaliwa, halafu akafuta macho kwa shati, akasema kumbe Mayala anampenda. Hilo nalo nimeona nikufikishie.

Athanas atakukabidhi vitu viwili: barua hii, na kuku jike mwekundu aliyemo kwenye tenga. Nakuomba kama dada yako mkubwa, kuku huyo usimchinje mpaka umalize kusoma. Nakujua.

Ningekupigia simu, lakini yako ndiyo hiyo umeiangusha kwenye matope, na nikipiga ya rafiki yako nasikia mawe tu yanasagwa. Isitoshe kuna jambo nimeliweka huko mwishoni ambalo siwezi kulisema kwa sauti ndani ya nyumba hii, maana masikio ya Baba siku hizi yanasikia hata yasiyoambiwa.

Unakumbuka ugonjwa huu wa korona ulipoingia nchini jinsi nilivyochanganyikiwa. Shemeji yako Donatus alikuwa Geita kwenye biashara yake ya dhahabu, mwanangu Boaz yuko naye huko, tukakubaliana wabaki hukohuko mpaka mambo yatulie. Mimi nikasema sitakaa hapa nisikie Baba anasalimiana na Runzewe nzima kwa mikono miwili. Nikaenda kumchukua. Alipanda gari ameshika fimbo yake na amevaa ile kofia yake ya pama, na alisimamisha gari kila mtaa ili aage watu, mimi nikimmwagia kitakasa mikono kila akirudi kukaa.

Nikampa chumba kile cha mbele, chenye vigae, bafu humohumo, na televisheni kubwa kama mlango. Geti nikalifunga. Stanslaus, mlinzi wetu, nikampa ndoo ya maji yenye koki, sabuni na amri: asiingie mtu, na kitakachoingia kioshwe kwanza. Stanslaus ni mtu wa kutii. Aliosha mapapai, akaosha sukari ikiwa kwenye mfuko, na siku moja nilimkuta anaosha gazeti.

Chakula kilikuwepo. Stoo ilijaa mchele, unga, mafuta, vitu vya miezi. Nilijiona mwenye akili sana, Mayala. Nilijiona nimemwokoa mzazi wetu.

Lakini Baba alikuwa hana mtu wa kumsalimia. Wewe unamjua, yeye akiamka ni lazima amwambie mtu mwangaluka na aulizwe habari za ng'ombe. Hapa alibaki na televisheni. Mtangazaji akisema habari za jioni, Baba anamwitikia, anamuuliza na yeye za kwake, halafu anasubiri. Anachojibiwa ni hesabu ya waliokufa Ulaya. Donatus naye alipiga simu kila siku kusisitiza kujifukiza, basi mimi kila asubuhi nilimfunika Baba blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini na malimao, mpaka akaniuliza kama nakusudia kumla, maana alishaiva kama kiazi.

Nyuma ya ukuta wetu, ule niliouwekea vipande vya chupa juu, kuna nyumba ya wapangaji. Vyumba vingi, bomba moja, uwanja mmoja. Wale hawakuweza kujifungia, mdogo wangu, kwa sababu mtu akijifungia na stoo yake ni bakuli la unga, atakula nini kesho? Walikwenda sokoni, walibeba mizigo, walifua nguo za watu, na jioni walirudi wakachota maji kwa zamu huku wakicheka. Kicheko kile kiliniudhi sana. Nilisema hawa watu hawana akili, ugonjwa uko mlangoni wao wanachekelea. Sasa hivi naweza kukuambia kwamba haikuwa hasira. Ulikuwa ni wivu. Mimi mwenye stoo nilikuwa naingia humohumo stoo, najifungia, nalia juu ya gunia la mchele, halafu nanawa uso na kutoka kama mama mwenye nyumba.

Siku moja Baba alikuwa uani anaimba ule wimbo wake wa kuita ng'ombe. Sauti ya mwanamke ikavuka ukuta ikauliza ni nani huyo anafuga dume la Kisukuma linalolia mjini bila kibali. Baba alikatisha wimbo. Nikadhani ameona ametukanwa. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Akauliza huyo anayeuliza ni kabila gani, sauti ikajibu kwamba ni Mngoni wa Songea, na Baba akapiga fimbo chini kwa furaha, akasema alijua tu, harufu ya mateka wa babu zake ilishamfikia. Basi ikawa vita ya utani. Yule akasema babu zake walipopita Runzewe waliwakuta Wasukuma wamejificha chini ya ng'ombe. Baba akasema walipita mbio, na mpaka leo hawajarudisha ndama.

Huyo ndiye Euphrasia, wengi wanamwita Mama Loveness. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, wanawe wameshaolewa mbali, anakaanga vitumbua na kuuza asubuhi. Kila siku saa za alasiri yeye na Baba walikuwa wanatukanana kupitia ukutani, hawaonani hata sura, na Baba akimaliza anakula ugali wote na kuomba mwingine.

Mimi nikaukomesha. Nilisoma mahali kwamba mate yanaruka, nikapiga hesabu ya urefu wa ukuta, nikahamishia kiti cha Baba upande wa mbele. Nilimwambia pia Stanslaus kwamba vitumbua vya yule mama visipokelewe hata vikiletwa bure.

Hapo ndipo Baba alipoanza kuzimika. Kwanza aliacha kumwitikia mtangazaji. Kisha akaacha chakula, anaonja anasukuma sahani. Kisha akalala, akageukia ukutani, basi. Nikamwita daktari, akaja amejifunika kuanzia utosini mpaka viatuni, na Baba akamtazama akauliza kama huyu ndiye aliyekuja kumzika. Daktari akampima kila kitu, homa hana, kifua safi, presha nzuri kuliko yangu. Aliniambia niongee na mzee nijue ana nini moyoni.

Nikakaa kitandani kwake nikamuuliza. Akasema ameona kwenye televisheni jinsi watu wanavyozikwa siku hizi, watu wachache wamevaa nguo za plastiki, hakuna kilio, hakuna chakula, hakuna watani. Akasema yeye maisha yake yote hajakosa msiba wa mtu, amechimba makaburi ya watu aliogombana nao, na sasa atakwenda kimya kama mtu aliyeiba. Kwa hiyo hana hamu ya kuendelea kusubiri. Akaniambia azikwe karibu na Mama, ile fimbo upewe wewe, halafu akageuka tena. Mayala, nilitoka mle chumbani nikaenda kujifungia stoo. Baba yetu alikuwa anakufa, na hakuwa na ugonjwa wowote.

Siku mbili tatu zilizofuata sina la kusimulia. Sasa sikia kilichotokea.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, nje ya geti kilipigwa kilio ambacho sijapata kukisikia. Stanslaus akachungulia akarudi amebadilika rangi. Mama Loveness alikuwa amejitupa chini kwenye vumbi, amevaa mabuti ya mvua na koti la kiume, fimbo mkononi, barakoa ya kitenge usoni, anamlilia Msukuma. Anamlilia Baba kwa jina lake, Mihayo! Alikuwa akilia anainuka, anatembea kama Baba, ule mguu wa kulia ukiburuta, anakohoa kama Baba, anasimamisha magari ya kufikirika na kuwaaga watu, halafu anaanguka tena analia kwamba Msukuma amekufa kabla ya kurudisha ng'ombe wa bibi yake, kwamba amekufa mchoyo, kwamba amemwachia yeye kazi ya kuzika mtu mzito namna ile peke yake.

Wewe unajua watani wanavyofanya msibani. Lakini wenye mtaa walisikia kilio tu, hawakujua kwamba maiti hayupo. Ndani ya muda mfupi wanawake wakaanza kufika na kuni vichwani, sufuria, mikeka. Vijana wakaleta turubai, wakalifunga kwenye geti langu na kwenye nguzo ya umeme. Wapangaji wale niliokuwa nawaona hawana akili ndio waliokuja kwanza, na mmoja wao alikuja na kile kibakuli chake cha unga. Ni wakati huohuo Athanas alipita na Fuso yake akielekea huko kwenu. Akaona turubai, akaona watu, akauliza ni nani, akaambiwa ni Mzee Mihayo. Hakushuka hata kuhakikisha, akakanyaga mafuta mpaka Nyarugusu. Ndivyo ulivyofiwa, ukabaki huko kwa kuwa mazishi ya siku hizi hayamngoji mtu.

Mle ndani, Baba alisikia. Mwanzo akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia ni yeye. Kisha akasikia Mama Loveness anasimulia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa akimwogopa Mngoni kiasi cha kuhamishiwa kiti upande wa mbele. Mayala, Baba aliinuka! Alitupa blanketi, akalirudia akajifunga begani, akatoka peku mpaka barazani akinguruma kwamba huo ni uongo, kwamba hajapata kumkimbia Mngoni yeyote, na kwamba huyo mwanamke atoke msibani kwake.

Hapo sasa. Wanawake waliacha sufuria zinabingirika. Mzee mmoja alipita katikati ya maua yangu yote. Stanslaus, mlinzi niliyemwamini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka mbio, akaacha geti wazi pande zote mbili, na hatukumwona tena mpaka mchana. Aliyebaki mahali pake ni Mama Loveness peke yake. Alimtazama Baba kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole, akasema hata kufa Wasukuma hawajui, wanaacha kazi katikati.

Baba akaangua kicheko. Kile kicheko chake cha zamani, cha enzi za Mama. Watu wakaanza kurudi mmojammoja, na mimi nikakimbia huku na huku kupanga viti mbalimbali, kugawa barakoa, kuweka ndoo za maji. Sikumfukuza mtu. Nilifungua stoo, nikatoa mchele, ukapikwa kwenye zile sufuria zilizoletwa. Baba akawaambia waombolezaji kwamba kwa vile walishajisumbua kuja, kila mmoja aseme alichokuwa amepanga kukisema juu yake. Hawakuwa wanamjua, basi walitunga. Alisifiwa kwa mambo ambayo hata wewe ungeshangaa. Alikula sahani mbili kwenye msiba wake mwenyewe.

Na ule mchele mliochanga wewe na wachimbaji wenzako, Athanas aliuleta juzi, Fuso yake ilipotoka gereji baada ya wiki kadhaa. Alipoingia getini akakutana na marehemu uso kwa uso anamuuliza habari za barabara. Gunia liliangukia hapohapo. Waambie wenzako wabeja sana, tunashukuru, mchele ulikuwa mzuri, na aliyeula kwa wingi ni marehemu mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile nililokuahidi, na ulishike moyoni. Baba anaamini kwamba Mama Loveness alikuja kwa akili yake. Mtaa mzima unaamini hivyo. Si kweli. Nilimwita mimi.

Alfajiri moja baada ya Baba kunipa yale maagizo ya kaburi, nilichukua kreti la soda nikapanda, nikashika juu ya ukuta, na vile vipande vya chupa nilivyoviweka mwenyewe vikanichana kiganja. Mama Loveness alikuwa anawasha moto wa vitumbua. Mimi niliyekataa vitumbua vyake, nilimwita kwa jina la mwanawe, nikamwamkia, nikamwomba aje amtukane Baba. Niliomba huku nalia, damu inatiririka kwenye ukuta. Hakunicheka wala hakunikumbusha niliyomtendea. Aliuliza mzee anasemaje. Nilipomweleza habari ya mazishi ya kimya, akakoroga unga wake kwanza, kisha akasema matusi hayatamtosha mtu anayelilia msiba wake. Apewe huo msiba. Kisha akanihoji jina la mzee, anavyotembea, na alivyoaga watu siku ya kuondoka Runzewe.

Nilitaka kumlipa, akakataa, akaweka sharti moja tu. Nikae mbele, chini, kwenye vumbi, pamoja na wanawake wengine, nilie kama mfiwa. Nikasema hilo ni rahisi, nitaigiza.

Mayala, sikuigiza. Nilipokaa pale chini nje ya geti langu, na mwanamke nisiyemjua akanishika bega kwa mkono wake ule unaonuka sabuni ya kufulia, vilio vyote vya kwenye stoo vilitoka pamoja. Nililia mpaka ikabidi Mama Loveness aninong'oneze nipunguze, nisije nikampita yeye mtani. Baada ya pale nilinyanyuka mwepesi kama mtu aliyetua debe. Ndipo nikaingia ndani kumwambia Baba kwamba aliyekufa ni yeye.

Siku hizi huo ukuta una mlango. Nilimwita fundi akautoboa. Tunanawa mikono, tunavaa barakoa, tunakaa nje kwenye hewa, viti mbalimbali, lakini tunakaa. Nami sasa nacheka wakati wa kuchota maji, ingawa nina bomba langu ndani.

Limebaki suala la kuku. Siku ile ya msiba Mama Loveness aliondoka na kofia ya pama ya Baba, haki yake kama mtani, akasema haitoki bila kuku. Kila alasiri Baba anavuka mlango kwenda kuidai. Anakwenda amenyoa ndevu. Wanagombana mpaka jua linazama, anarudi kichwa wazi, ana furaha.

Nikaona nimsaidie. Nikanunua huyo kuku mwekundu, nikamkabidhi. Kesho yake namkuta kuku bado uani anadonoa. Nikamuuliza Baba, akasema kuku mwenyewe mwembamba, Mngoni atatucheka. Nikamnenepesha. Akasema sasa ameanza kutaga, si vizuri kutoa kuku anayetaga. Nikasema basi mimi mwenyewe nitakwenda kuikomboa hiyo kofia leoleo. Akaniambia nikae. Akatazama kwanza upande wa mlango, akashusha sauti, akaniuliza, nikishaikomboa kofia, kesho yake yeye atavuka ule mlango kufuata nini?

Nilimtengenezea chai.

Leo asubuhi aliposikia Athanas anakuja huko, alimkamata kuku kwa mkono wake, akamfunga miguu, akamweka kwenye tenga, akasema apelekwe Nyarugusu kwa Mayala, mbali kabisa, asije mtu mwenye haraka akamtumia. Kwa hiyo, mdogo wangu, mfungue miguu, mpe maji, na mayai yake kula. Ila yeye usimguse wala usimrudishe mpaka Baba mwenyewe atakapomwagiza. Nywele zikishaota uje. Nina hisia kwamba tutaitwa kikao, na safari hii hutahitaji wembe.

Nisalimie wenzako wote waliochanga mchele, mmoja mmoja, na ile siri ya kreti la soda iishie kwako. Stanslaus anasema hakukimbia, alikwenda kutafuta msaada. Mama Loveness amesema nikuandikie kwamba anakusalimu wewe mtoto wa mateka, na Baba amesema nisiandike, basi nimeandika.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Martina (Mama Boaz)